Seti Ishirini na Nne za Mama Fundo

Habari iliingia mtaani ikiwa imepinda: mwokaji mikate kapigwa risasi ufukweni. Watu walitoka milangoni mbio, wengine povu la sabuni likiwatiririka mikononi, wakaulizana ni polisi au ni majambazi, na mwokaji wa watu, ambaye hata nzi humfukuza kwa adabu, kamkosea nani. Katika mtaa mzima ni mwanamke mmoja tu aliyejua papo hapo kuwa bunduki haikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye meza yake ya chumba cha mbele, koleo mkononi. Risasi iliyomjia akilini ni ile inayoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu hadi ipatikane chubwi, lile bonge zito linalofungwa mwisho wa mshipi ili uruke mbali na kuzama. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya mazoezi. Kesho yake palikuwa na mashindano ya wavuvi wa ufukweni, na karibu wote wangerusha mishipi aliyoifunga yeye.

Walimwita Mama Fundo. Kabla ya hapo alikuwa mshonaji wa maturubai ya malori, miaka kumi na saba kwenye kiwanda kimoja, mpaka kiwanda kilipofunga milango na yeye akarudi nyumbani na vidole vigumu kama vigingi. Aliyemwingiza kwenye mishipi ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi bomba ambaye kila mwisho wa wiki alisimama kwenye mchanga na fimbo ndefu ya kuvulia, akarusha, akakunja, akarudi na samaki wawili na mafundo mia. Siku moja alimletea mshipi uliosokoteka kama nywele zilizoamkia vita. "Shemeji, wewe mtu wa uzi, nisaidie." Mama Fundo akausokotoa, akauangalia jinsi ulivyofungwa, akauliza, "Huu nani kaufunga?" Shemeji akajibu kwa fahari kuwa ni yeye. "Basi bora samaki hawakuja," alisema Mama Fundo. "Wangecheka."

Ndani ya mwaka mmoja wavuvi wote wa ufukwe ule walikuwa wakimjia, naye hakufunga kitu kabla ya kuhoji. Unasimama wapi? Unamtaka samaki gani? Bahari yako ina hasira kiasi gani? Aliyevua karibu, kwenye maji yaliyotulia, alifungiwa ndoana mbili kwenye matawi marefu ya mshipi yanayopeperuka na mkondo ili chambo kionekane kinaogelea. Aliyesimama kwenye mawimbi makali alipewa matawi mafupi yasiyosokotana, na chubwi lenye miguu ya waya inayong'ang'ania mchanga. Aliyetaka kurusha mbali alifungiwa ndoana moja tu, ikabanwa juu ya chubwi kwa kibanio kidogo ili hewani isipigwe na upepo, kisha ikajifungua yenyewe ikigusa maji. Na uti wa seti yote, yaani ndoana, matawi na chubwi kwa pamoja, ulikuwa wa nailoni nene, kwa sababu mtu anapojipinda na kuitupa gramu mia na hamsini ya risasi kwa nguvu zote, mshipi mwembamba hukatika kama tambi. Hilo alimwambia kila mteja: hapa mchezo si samaki, mchezo ni kurusha.

Wiki ile ya mashindano wavuvi walimwagiza seti ishirini na nne. Jumatatu alifunga saba, Jumanne nane. Jumatano aliamka shina la kidole gumba limevimba, hata kukamua kitambaa ni kazi. Nailoni nene haitaki mzaha. Fundo lake unalilowesha mate, unalivuta polepole, kisha unalibana kwa koleo na kulivuta tena mpaka lijikaze na kuuma. Jumatano Mama Fundo hakuweza kulibana koleo. Alijizungushia kitambaa kiganjani akauvuta mshipi kwa mkono, akatazama, akaona mizunguko imelala vizuri, akasema inatosha. Alifunga sita kwa namna hiyo. Alhamisi gumba lilipungua maumivu, akafunga tatu zilizobaki kwa koleo. Zote ishirini na nne akazitia kwenye boksi moja, na usingeweza kuzitofautisha hata kwa miwani.

Shemeji aliingia bila kubisha hodi. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, na fimbo yake aliiegemeza mlangoni kama mtu anayeogopa kuingia nayo ndani.

"Yu hai?" aliuliza Mama Fundo.

"Yu hai. Lilimpata hapa." Shemeji akajigusa mfupa wa shavu, chini kidogo ya jicho. "Alikuwa kulia kwangu, hatua arobaini hivi, anatembea tu kama anavyotembea kila asubuhi akishatoa mikate. Nilivyorusha nikasikia paa! Fimbo ikawa nyepesi. Nikageuka nikamwona anakaa chini. Hakuanguka, shemeji. Alikaa, kama mtu aliyechoka."

"Nipe seti."

"Kaa kwanza."

"Nimekaa. Nipe."

Shemeji akaitoa mfukoni. Ndoana zilikuwepo, matawi yalikuwepo, kilichokosekana ni chubwi na kishikizo chake, kile kipete kinachofungiwa kwenye fundo la chini. Mama Fundo akaushika mwisho wa nailoni, akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Mshipi ulioparuzwa na mawe huwa na makovu. Mshipi ulioelemewa huchanika ncha. Huu haukuwa na kovu wala mchaniko. Ncha yake ilikuwa imejikunja mizunguko mitano laini, kama mkia wa nguruwe, alama ya fundo lililoteleza likajifungua.

"Nimewaambia uliparuzwa na mawe," shemeji alisema kwa sauti ya chini. "Kwamba nilirusha mara tatu pale kwenye miamba, nikazembea, sikuukagua. Wamekubali. Hakuna aliyeuona huo mwisho zaidi yangu na yako."

"Haukuparuzwa."

"Najua, shemeji. Nina macho. Nakuambia nilichowaambia."

Mama Fundo aliona huruma usoni pa shemeji, na huruma ile ilimchoma kuliko lawama. Huyu mtu alikuwa ameshajitwisha mzigo wake na kuubeba kilomita nzima. Angeweza kumwambia ahsante. Neno lilimfika kabisa mpaka kwenye meno.

"Zile nyingine ziko wapi?" aliuliza badala yake.

"Zipi?"

"Seti. Kesho zinarushwa, shemeji. Na kutakuwa na watu huko, watoto, wake za watu."

Ndani ya boksi zilibaki mbili. Alizitoa uani, akaifunga ya kwanza kwenye chuma cha kamba ya nguo, chini yake akaning'iniza ndoo, akaanza kumimina mchanga kopo baada ya kopo. Mumewe, mpaka rangi wa nyumba za watu, alikuwa ametoka kazini muda huo, mikono imejaa madoa meupe. Alisimama kwenye mlango wa jiko akitazama. Ndoo ikajaa. Mama Fundo akaongeza jiwe juu, na jingine. Fundo likasimama imara. Akapumua.

Akafunga ya pili. Makopo kumi, kimya. Kopo la kumi na moja, akaona ncha ya mshipi inaingia ndani ya fundo taratibu, kama nyoka anayerudi shimoni. Hakuwahi hata kunyoosha mkono. Ndoo ilianguka puu, mchanga ukamfunika miguu, na nailoni ikabaki inacheza hewani na mkia wake wa mizunguko mitano.

Hata nusu ya uzito uliobebwa na ile ya kwanza haikufika.

"Ni za Jumatano," alisema. "Nilizivuta kwa mkono. Zilikuwa sita. Moja ndiyo iliyompiga mwokaji, moja hii. Nne ziko mikononi mwa watu, sijui za nani."

Mumewe akaja akaketi kwenye ngazi. "Mdogo wangu ameshasema ni mawe."

"Amesema."

"Ukienda kusema vingine, umemfanya mwongo yeye na umejimaliza wewe. Hakuna atakayekupa tena hata kamba ya mbuzi ufunge."

"Na nisiposema?"

Mpaka rangi alikwangua doa kwenye kiwiko chake kwa ukucha, muda mrefu. "Nisingependa uniulize mimi," alisema mwishoni. "Mimi ni mume wako. Jibu langu lina upendeleo."

Jioni hiyo alipiga simu mpaka sikio likapata moto. Waliochukua seti walikuwa kumi na wanne. Tisa aliwapata, na kwa kila mmoja alisema maneno yale yale: usirushe, seti zangu zina kasoro, nitakuja kuzichukua mwenyewe. Hakutaja mwokaji, wala wao hawakuuliza. Watano hawakupatikana. Simu ya kinyozi, aliyekuwa na seti tatu peke yake, iliita na kuita ikakatika.

Mashindano yalianza saa moja asubuhi. Wenye shughuli yao walikuwa wamesema ajali haina kinga, wakawasogeza watazamaji nyuma kidogo kwa kamba ya plastiki, basi. Mama Fundo alifika na ndoo mkononi, mumewe nyuma yake, na akaanza kupita kwa kila mvuvi mmoja mmoja kama mtu anayekusanya mchango wa msiba. Walimpa. Mwingine alimpa huku akiguna, mwingine alimpa asimtazame. Wawili kati ya wale watano wa simu aliwakuta wanatia chambo. Aliwanyang'anya ndoana na chambo chake. Wawili wengine walikuja wenyewe waliposikia minong'ono. Akahesabu. Kumi na nane. Zilibaki tatu, zote za kinyozi.

Kinyozi alikuwa mwisho kabisa wa mstari, kijana wa miaka thelathini, kifua mbele, bingwa wa mwaka uliopita. Karibu yake, nyuma ya kamba, mkewe alikuwa amekaa juu ya khanga na mtoto mgongoni.

"Mama Fundo, shikamoo. Najua umefuata nini, nimeambiwa. Zangu nimezivuta mwenyewe asubuhi hii, ziko kama chuma."

"Marahaba, mwanangu. Umezivuta kwa mkono au kwa koleo?"

"Kwa mkono. Mkono wangu unaujua."

"Mkono ndio ulionidanganya mimi. Nipe."

"Nikupe nirushe na nini? Ulimi?" Waliokuwa karibu walicheka. "Nimejiandaa mwaka mzima, mama. Mkono wako ukikudanganya, mimi nisivue?"

Filimbi ikalia. Mstari mzima uliokuwa na mishipi mingine ukarusha, vuu, vuu, vuu, na machubwi yakapiga maji kwa mbali. Kinyozi akamgeuzia mgongo, akaliacha chubwi lake lining'inie nyuma, akapiga hatua ya kwanza. Chubwi liliyumba kuelekea upande aliokaa mkewe.

Baadaye Mama Fundo hakuweza kueleza alivyofika pale. Alijikuta tu yuko mbele ya kinyozi, ndani ya maji, wimbi limempiga magotini na ndoo inaelea kando yake, na uso wake ukitazamana na fimbo.

"Toka mbele!" alipiga kelele mtu wa filimbi. "Mama, toka mbele!"

"Rusha," alimwambia kinyozi. Hakusogea. "Fundo hilo ni la mkono wangu. Kama unaliamini kuliko ninavyoliamini mimi, rusha."

Kinyozi aliganda, mikono juu. Wimbi la pili lilikuja likamyumbisha mama wa watu, akasimama tena. Mumewe alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake, hatua tatu kutoka kwake, hajui amvute au amwache. Hakuna aliyecheka. Hata wale waliokuwa wamesharusha waliziacha fimbo zao zisimame zenyewe kwenye mchanga.

Kinyozi akashusha fimbo polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Mtu wa filimbi akaja na koleo. Akaikanyaga ncha moja ya seti iliyokuwa kwenye fimbo, akalishika lile fundo la chini, akavuta. Halikutikisika. Kinyozi akafungua mdomo aseme neno. Mtu wa filimbi akachukua ya pili kwenye mkoba, akavuta, na fundo likaachia kwa ulaini kiasi kwamba yeye mwenyewe alipepesuka akakaa chini mchangani. Mke wa kinyozi akasimama, akaichukua khanga yake, akaondoka, na mtoto akawa anawaangalia watu nyuma ya mgongo wake.

Hapo ndipo Mama Fundo aliposema lile ambalo hakulitaja kwenye simu, kwa sauti ambayo mstari mzima uliisikia. "Jana hayakuwa mawe. Shemeji yangu alisema mawe kwa kunihurumia. Lilikuwa fundo langu. Lilifunguka."

Shemeji alikuwa amesimama mbali, nyuma ya watazamaji. Alivua kofia, akajifunika nayo uso.

Hospitalini alikwenda mchana uleule, nguo zimekaukia mwilini na chumvi yake. Mwokaji alikuwa amelala kitanda cha dirishani, nusu ya kichwa imefungwa bandeji, na lile jicho lililobaki wazi lilimfuata tangu mlangoni. Mkewe alikuwa anammenyea chungwa. Mama Fundo hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: gumba, Jumatano, kitambaa, boksi moja. Hakuongeza pole mpaka alipomaliza, kwa sababu aliogopa pole ikitangulia itaonekana inaomba kitu.

Mke wa mwokaji aliweka kisu chini. "Daktari amesema huenda asione tena kwa jicho hilo," alisema. "Na wewe uliona inatosha."

"Ndiyo. Niliona inatosha."

"Toka."

Mama Fundo akatoka, akatembea kwenye korido ndefu yenye harufu ya dawa, akajizuia mpaka kwenye benchi la nje, na hapo akalia kama aliyefiwa, akiwa ameshikilia lile gumba lake kwa mkono wa pili.

Kilichofuata kilikuwa kama alivyotabiri mumewe, ila si chote. Wavuvi sita hawakurudi kwake tena. Shemeji alikaa wiki tatu bila kukanyaga pale nyumbani, hasira yake ikiwa si kwa kosa bali kwa kuumbuliwa. Alipokuja alikuja na kisingizio cha kutazama bomba la jikoni, ambalo halikuwa na tatizo lolote, akalifungua, akalifunga, akakubali chai. Kinyozi ndiye aliyeshangaza watu. Alirudi mapema kuliko wote, akaagiza seti mbili, akasema mkewe kamwambia asiponunua kwa mama yule asivue kabisa. Na mashindano yaliwekewa sheria mpya: watazamaji hatua mia nyuma, na kila mshipi unavutwa kwa koleo mbele ya mtu wa filimbi.

Mama Fundo aliendelea kufunga, lakini seti nne tu kwa siku, na gumba likiuma hafungi hata moja. Mkono wake haukuwa na uhakika tena. Alikuwa anafunga fundo, anafungua, anafunga tena, na mara nyingine alikaa akiliangalia mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa nne tangu ajali, alasiri moja, kivuli kilisimama mlangoni. Mwokaji. Bandeji ilikuwa imeondoka. Shavu lilikuwa na bonde, na kope ya jicho lile ilikuwa imeshuka kama pazia lililokatika upande mmoja. Nuru ilikuwa imerudi, alisema, lakini ya ukungu. Kwa jicho hilo anaona mkate umeiva ila haoni umeungua wapi.

"Nataka kuona inavyofungwa," alisema.

Mama Fundo akamvutia kiti, akaogopa kumkaribisha kwa maneno. Akakata nailoni. Alikosa tundu la kishikizo mara mbili. Mwokaji alisogeza kiti upande wa jicho lake zima. Mzunguko wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano. Mate. Kuvuta. Kisha koleo, na ule mlio mdogo wa mshipi unapouma.

"Huo mlio," aliuliza mwokaji, "Jumatano ile hukuusikia?"

"Sikuusikia. Nilijua sijausikia."

Nje mtu alipita akiuza mifagio, akapiga kelele zake, akapotea kwenye kona.

"Mke wangu hataki nije hapa," alisema. "Mimi mwenyewe sijui nimefuata nini. Usidhani nimekuja kukusamehe. Siku nikiweza nitakuambia. Leo siwezi."

"Sawa, kaka."

"Usiniulize."

"Sitakuuliza."

Akakaa mpaka Mama Fundo alipomaliza seti ile, ndoana zote mbili, na matawi, na chubwi. Akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa ameshika kitu, akaenda zake bila kuaga. Mama Fundo alibaki ameketi, akasikiliza nyayo zake mpaka zikaisha. Halafu akakata nailoni nyingine. Mara hii tundu alilipata mara ya kwanza.